Holly Alikuwa Ameshaliacha Bakuli

Cesar Millan, mkufunzi wa mbwa wa kwenye televisheni, alikosea, lakini si pale wengi wanapodhani. Kile kipande chake cha video cha mwaka 2012, akiwa na mbwa aitwaye Holly, bado kinatumwa kwenye simu za wafugaji wa mbwa, kuanzia Maua hadi ukivuka Thuci kuingia Embu, na kila anayenionyesha hukisimamisha kwenye meno. Mimi naomba kirudishwe nyuma kidogo.

Bakuli liko chini. Holly, Labrador jike wa manjano, anakula. Millan anasogea, Holly ananguruma, Millan anamdunga shingoni kwa vidole, naye Holly anafyatua meno. Mpaka hapo ni kosa tulilolizoea. Sasa tazama kinachofuata, maana ndipo penyewe. Holly anarudi nyuma. Chakula amekiacha. Kwa kanuni ya Millan mwenyewe, kwamba mkubwa ndiye mwenye bakuli, shughuli imekwisha: bakuli ni lake. Alichobakiza ni kugeuka ubavu na kuondoka. Badala yake anamfuata hadi kwenye nyasi, anamsimamia, anamkazia macho. Holly analamba midomo, anageuza uso pembeni, mwili umekaza. Millan anausoma mkazo ule kuwa ni kukubali, ananyoosha mkono, na meno yanazama. Kisha anasema hakuliona jambo hilo likija.

Lingeonekanaje zaidi ya hapo? Holly alilisema kwa kunguruma, akalisema kwa kurudi nyuma, akalisema kwa ulimi na kwa macho. Mbwa aliyeganda si mbwa aliyetulia. Aliyetulia mwili wake umelegea, pumzi inakwenda, mdomo uko wazi kidogo. Aliyeganda amemaliza maneno yote anayoyajua isipokuwa moja. Kumfuata mnyama aliyekwisha kukuachia njia ni kumnyima njia ya mwisho, na uamuzi huo ulifanywa na binadamu mwenye miaka mingi kwenye kazi hiyo, kamera zikiwa zinamtazama.



Nimeipinga nadharia ya mbwa mkubwa wa kundi, anayoifuata Millan, katika safu hii na nitaendelea kuipinga. Ilitokana na kazi ya Rudolf Schenkel ya mwaka 1947, aliyewatazama mbwa mwitu waliofungiwa pamoja. David Mech, mtafiti wa mbwa mwitu, aliieneza katika kitabu chake cha mwaka 1970. Lakini Mech alikwenda kuwaangalia mbwa mwitu walio huru katika kisiwa cha Ellesmere, Kanada, akakuta kundi ni baba, mama na watoto wao. Mwaka 1999 akaandika hivyo waziwazi, na akamwomba mchapishaji aache kukichapa kitabu chake mwenyewe. John Fisher, mkufunzi wa mbwa wa Uingereza, aliyewafundisha watu kanuni za kundi katika kitabu chake Think Dog! mwaka 1990, naye aliziacha baadaye. Hao ndio walimu. Fisher wa miaka ya mwisho angemwona Holly akirudi nyuma, naye angerudi nyuma pia.

Na sisi tunaiga nini? Katika mashamba ya miraa ya Igembe na ya muguka huko Mbeere, mbwa hufungwa mnyororo mchana kutwa, hufunguliwa usiku ili wezi wamkute. Hula mara moja, makombo ya githeri au ugali, tena pengine kuna mwenzake anayevizia pembeni. Mbwa huyo kulilinda sufuria lake ni akili timamu, si uasi. Na anayempelekea hilo sufuria ni nani? Mara nyingi ni mtoto. Mwenye mji akishamwona Millan, anachukua fimbo, anampiga mbwa kwa kunguruma, na mbwa anajifunza haraka: kunguruma kunaleta fimbo. Ile hofu ya mkono karibu na chakula haijaondoka hata kidogo. Kilichoondoka ni onyo. Siku mtoto akiumwa, utaambiwa mbwa aliuma tu bila sababu. Maandishi ya "Mbwa Kali" kwenye geti hayamsaidii mtoto aliye ndani ya geti.

Inaniudhi zaidi kwa sababu mfano mzuri tunao nyumbani. Lewa, hifadhi ya wanyamapori ndani ya kaunti hii ya Meru, wana mbwa wa kufuata nyayo za majangili, na hata kijiji kikiibiwa mifugo mbwa hao huitwa. Kazi ya kufuata harufu haipatikani kwa kipigo. Mbwa ndiye anayejua, na mwenye kamba analazimika kumsoma.

Dawa ya mbwa anayelinda chakula ni ya polepole, na ni kazi ya mtu mzima. Simama mbali, pale ambapo mbwa bado anakula bila kukaza mwili. Mrushie kitu kitamu kuliko kilicho ndani ya sufuria, kipande cha nyama au omena, kisha ondoka. Rudia kila mlo. Akianza kukutazama kwa mwili uliolegea, punguza umbali kwa hatua moja. Akikaza, rudi ulikotoka. Mnachojenga ni jambo moja: mtu akija, chakula huongezeka. Anapokula, mnyororo usimwache karibu na njia, na mbwa wawili wasilishwe mahali pamoja.

Ila mbwa aliyekuwa mpole akabadilika ghafla, usimfundishe chochote. Usimshike, mfungie peke yake ikiwezekana bila kumgusa, umwite daktari wa mifugo, maana huenda ni kichaa cha mbwa. Kenya imejiwekea mwaka 2030 kuwa mwisho wa vifo vya watu kwa kichaa cha mbwa, na kila jeraha la meno lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata kama aliyeuma ni mbwa wa nyumbani.