Jina la Nani? Maelezo ya Lazima na Urithi wa Nyanza katika Maktaba za Dijitali

Utangulizi

Madhumuni ya makala haya ni kuhakiki jambo ambalo wahakiki wa fasihi wamezoea kuwaachia wakutubi peke yao. Jambo hilo ni maelezo ambayo hayana budi kujazwa kabla ya kazi yoyote kuingizwa katika maktaba ya dijitali. Maelezo hayo, ambayo huitwa metadata, ndiyo yanayotaja jina la kazi, mtunzi wake, lugha yake, mahali pake na wakati wake. Yaweza kudhaniwa kuwa hiyo ni shughuli ya ofisini tu. Dai letu ni kwamba kuamua kipi kiwe cha lazima na kipi kiwe cha hiari ni uamuzi wa kihakiki, kwa maana ndio uamuao nani atambuliwe kuwa msanii na nani abaki bila jina. Mifano yetu tutaitoa zaidi Kisumu na katika ufuo wa Ziwa Viktoria upande wa Kenya.

Kanuni na chimbuko lake

Kanuni inayojulikana zaidi katika uwanja huu ni Dublin Core, ambayo chimbuko lake ni semina iliyofanyika mwaka 1995 katika mji wa Dublin, jimbo la Ohio, Marekani. Kanuni hiyo ina vipengele vya msingi 15. Katika vipengele hivyo hakuna hata kimoja kilicho cha lazima, na kila kimoja chaweza kurudiwa. Kwa hiyo ulazima hautoki katika kanuni yenyewe, bali huwekwa na taasisi inayoitumia au na programu iliyochaguliwa. Kwa mfano, fomu ya kawaida ya DSpace, programu itumiwayo na vyuo vikuu vingi, hudai jina la kazi na tarehe ya kutolewa kwake, lakini haimzuii mtu kuendelea iwapo ameacha wazi mahali pa mtunzi au pa lugha.

Mpango huo waifaa tasnifu. Tasnifu ina jina lililoandikwa juu ya jalada na mwaka ulio chini yake, na kwa kawaida mwenyewe hasahauliki. Lakini ni vipi kuhusu wimbo wa nyatiti uliorekodiwa katika sherehe huko Alego au Gem? Wimbo huo hauna jalada. Jina lake mara nyingi hutungwa na yule anayeuorodhesha, na tarehe iliyo karibu naye ni ile ya kuuingiza katika kompyuta. Hivyo fomu hudai yale ambayo wimbo hauna, na husamehe yale ambayo wimbo unayo kwa wingi.

Mtunzi na fanani

Tangu mwaka 1968, Owuor Anyumba, Taban lo Liyong na Ngugi wa Thiong'o walipoandika waraka wao wa kutaka Idara ya Kiingereza ya Nairobi iondolewe na fasihi ya Afrika iwekwe kitovuni, tumewafundisha wanafunzi wetu kwamba fasihi simulizi haiwezi kutengwa na fanani na hadhira yake. Je, mafundisho hayo yanaonekana katika orodha zetu? Pale ambapo mkusanyaji huandikwa katika nafasi ya mtunzi, na msimulizi akaachwa au akafichwa ndani ya maelezo ya ziada, tumeyakana kwa mkono yale tuliyoyafundisha kwa mdomo.

Muziki wa nyatiti waonyesha ugumu huu waziwazi. Katika pakruok, msikilizaji humsimamisha mwimbaji, akatoa fedha, kisha akajisifu yeye mwenyewe au akamsifu rafiki yake kwa maneno aliyoyabuni. Maneno hayo ni sehemu ya kazi, wala si kelele za kuufutia mkanda. Basi mtunzi ni nani hapo? Jibu la haki ni kwamba watunzi ni wengi, na kipengele chenyewe chakubali kurudiwa. Ni mazoea yetu tu yanayotaka jina moja.

Hata jina hilo moja huharibika. Fomu huuliza jina la ukoo na jina la kwanza. Otieno ni aliyezaliwa usiku, Akinyi ni aliyezaliwa asubuhi. Haya si majina ya koo. Odinga, katika jina la Jaramogi Oginga Odinga, lilikuwa jina la baba yake. Mtu ajulikanaye nyumbani kwa jina lake, la baba yake na la kwao akigeuzwa kichwa chini ili aitoshee fomu, jamaa zake watamtafuta wasimwone.

Mahali na lugha

Mwaka 1902 C. W. Hobley alichapisha kitabu kinachoitwa Eastern Uganda. Sehemu kubwa ya habari zake yahusu watu ambao leo ni Wakenya, kwa sababu hadi mwaka huo Kisumu, iliyoitwa Port Florence reli ilipoifikia mwaka 1901, ilikuwa katika himaya ya Uganda. Anayejaza kipengele cha mahali kwa kulifuata jina la kitabu atakipeleka kitabu hicho ng'ambo ya mpaka. Vivyo hivyo, neno Kavirondo lilitumiwa kwa Waluo na kwa Waluyia pia. Likinakiliwa bila ufafanuzi halimwambii msomaji ni nani anayezungumzwa. Neno la zamani lafaa kuhifadhiwa kwa kuwa ni ushahidi, lakini jina la leo lazima liandikwe kando yake.

Lugha nayo yadai uangalifu. Katika visiwa vya Rusinga na Mfangano, Wasuba wengi sasa husema Kijaluo. Masimulizi ya mzee wa Mfangano yakiandikwa kuwa ni ya Kijaluo kwa sababu tu yametoka Nyanza, lugha iliyo hatarini itakuwa imefutwa na orodha kabla haijafutwa na wakati. Tena Miaha, riwaya ya Grace Ogot ya mwaka 1983, ilitafsiriwa na Okoth Okombo ikatoka kwa Kiingereza mwaka 1989 kwa jina la The Strange Bride. Kuandika kwamba tafsiri hiyo ni ya Kiingereza ni kweli, lakini pasipo kuiunganisha na asili yake ni kumfundisha msomaji kwamba haikuwa na asili.

Mikusanyo miwili

Faida ya maelezo mema si jambo la nadharia. Hugh Tracey alirekodi muziki wa Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1950, na kadi zake zilitaja waimbaji, ala, lugha na mahali. Rekodi hizo zinahifadhiwa Afrika Kusini. Kazi ya kuzirudisha kwa jamii zilikotoka iliwezekana kwa sababu palikuwa na jina la kuulizia na kijiji cha kuendea. Nazo picha ambazo E. E. Evans-Pritchard alizipiga kwa Waluo mwaka 1936 zimo katika jumba la makumbusho la Pitt Rivers, Oxford. Mwaka 2007 nakala zake zilirejeshwa Nyanza katika maonyesho yaliyoitwa Paro Manene, yaani kuyakumbuka ya zamani. Tofauti ya njia hizi mbili yatufunza neno moja: jina likiandikwa siku ya kwanza, kazi husafiri nalo. Lisipoandikwa, lazima picha izungushwe mlango kwa mlango, na kila mwaka upitao wapunguza wenye kujibu.

Pingamizi

Yaweza kusemwa kwamba wakutubi ni wachache na kazi ni nyingi, hivyo kuongeza ulazima ni kuzuia kazi zisiingie kabisa. Hoja hii ina uzito. Ndiyo maana hatupendekezi vipengele 15 vyote. Twapendekeza vitano: fanani, mkusanyaji, lugha, mahali, na tarehe ya tukio lenyewe. Tena kila kimoja kikubali jibu la "haijulikani". Ulazima usiokubali jibu hilo huzaa uongo, kwani mtu aliyezuiwa na fomu ataandika lolote ili apite. Pengo lililokiriwa laweza kuzibwa na mjukuu atakayekuja kesho, lakini jibu la kubuni hakuna atakayejua kwamba linahitaji kusahihishwa.

Pingamizi la pili ni la heshima. Mjane aliyeimba mbolezi kaburini huenda hakutaka jina lake lisomwe na ulimwengu mzima. Hapa tutofautishe kuandika na kutangaza: jina liandikwe, na idhini yake iandikwe kando, kisha lifichwe ikiwa ndivyo alivyotaka.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba fomu ya maktaba ni aina ya uhakiki, na kwamba uhakiki huo kwa sasa huipendelea tasnifu kuliko wimbo, na mkusanyaji kuliko fanani. Idara za lugha hazina budi kukaa pamoja na wakutubi wakati fomu hizo zinapoamuliwa. Mwanafunzi wetu anayekwenda Nyakach au Mbita na kinasa sauti asirudi kabla ya kuuliza jina la anayeimba, na jinsi mwenyewe apendavyo liandikwe.