Kitabu cha Mirihi: Nimekipenda, Kimenikera

Kama hujakisoma kitabu cha H. G. Wells kiitwacho The War of the Worlds, kitafute. Ni cha mwaka 1898 na Kiingereza chake kinataka kamusi pembeni, lakini kinakwenda. Viumbe wa sayari ya Mirihi wanatua Uingereza ndani ya mapipa makubwa ya chuma, wanaunda mashine za miguu mitatu zilizo ndefu kuliko nyumba, wanaunguza watu kwa mwali wa joto. Jeshi la Uingereza, lile lililokuwa likitisha dunia nzima, linakuwa si kitu.

Kilichonishika kwanza ni mahali. Wells hakuanzia London. Pipa la kwanza linaanguka karibu na Woking, mji mdogo wa pembeni alikokuwa akiishi mwenyewe, na alizunguka huko kwa baiskeli akichagua sehemu za kuteketeza. Sasa sisi wa Kibaha na Kisarawe tumezoeshwa kwamba hadithi hutokea Dar, huku kwetu ni pa kupitia tu. Kumbe mwisho wa dunia unaweza kuanzia Maili Moja! Siku hizi sipiti msitu wa Pugu bila kupiga hesabu: likianguka hapa, watu wa Kisarawe watakimbilia wapi, na Barabara ya Morogoro itabeba magodoro mangapi? Sura za wakimbizi za Wells ni bomba kweli. Unasikia mpaka kiu yao.

Halafu mhusika mkuu. Sisi tuliokulia kwa Joram Kiango na Willy Gamba tunangoja bastola. Hakuna. Huyu bwana hata jina hana. Anajificha, anashinda njaa, anampiga hadi kumwangusha kasisi aliyejificha naye kwa sababu kelele zake zingewaponza wote wawili. Mwanzoni nilichoka naye, baadaye nikaona ndivyo tungekuwa wengi wetu. Na yupo askari mmoja wa mizinga, jamani! Ana mpango mkubwa wa binadamu kuishi chini ya ardhi na kurudisha nchi. Ukienda kutazama shimo alilochimba, ni dogo la kuchekesha, na mchana amelala kwenye karata, mvinyo na sigara. Kila kijiwe kina mmoja wa namna hiyo.

Mke wa msimuliaji, kwa upande mwingine, amewekwa kwa jamaa kama mzigo stoo, mwishoni anatolewa akiwa mzima. Hapo Wells amebugi, tuseme tu.

Lakini kinachonikera hasa ni mwisho. (Kama hupendi kuambiwa mwisho, rukia ukurasa mwingine.) Wavamizi wanakufa wenyewe kwa vijidudu ambavyo miili yao haikuvizoea. Mwalimu wa fasihi angesema msuko umelegea, na mimi ningekubali, lakini ningeweza kusamehe. Nisichosamehe ni kwamba Wells alijua anaandika juu ya nini. Kurasa za mwanzo anawakumbusha Waingereza jinsi Wazungu walivyowamaliza watu wa Tasmania. Yaani anawaambia: leo ni zamu yenu. Ni neno zito. Kisha anawaokoa kwa vijidudu!

Kwetu vijidudu vilikuwa upande wa pili. Miaka hiyohiyo ya 1890 sotoka ilifyeka ng'ombe wa Wamasai na wafugaji wengine, ndui ikafuata, njaa ikafuata. Funza naye, aliyeshuka Angola mwaka 1872 kwa meli iliyotoka Brazil, alikuwa amevuka bara zima hadi pwani yetu. Mjerumani alipigana na watu waliokwisha kudhoofika. Malaria iliwaua Wazungu, kweli, lakini walikuja na kwinini. Julai 1898, mwaka uleule wa kitabu, Mkwawa alijipiga risasi ili asikamatwe. Vita vya Majimaji vya 1905 vilipofika Uzaramo, watu wa huku Kisarawe walikunywa maji ya dawa wakakabili bunduki, na Majimaji yote kwa jumla iliua wengi zaidi kwa njaa kuliko kwa risasi. Hakuna kijidudu kilichotuokoa. Mjerumani aliondolewa Dar mwaka 1916, na aliyemwondoa ni mvamizi mwingine.

Kwa hiyo kitabu nakipenda hadi kurasa chache za mwisho, na hizo chache nimezisoma mara nne kwa hasira. Nashukuru pia, maana ndizo zilizonifanya nianze riwaya yangu. Nimefika sura ya saba. Wavamizi wako Pugu, watu wa Kisarawe wamekwisha kuingia porini, na wale jamaa wametua na kwinini yao.