Shukrani Mbele ya Makaburi: Uhakiki wa Kisa cha Martin Rinkart Katika Mahubiri Yetu

Wimbo wa shukrani wa Mchungaji Martin Rinkart, ujulikanao kwa Kijerumani kama “Nun danket alle Gott”, ni miongoni mwa nyimbo zilizoenea sana katika Kanisa la Kilutheri ulimwenguni. Tangu ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoingia nchini mwaka 2020, tumesikia kisa cha mtunzi wake kikisimuliwa mara nyingi mimbarani. Kisa huelezwa hivi: tauni iliuangamiza mji wake, yeye akawazika maelfu ya watu pamoja na mkewe mwenyewe, kisha akaketi na kutunga shukrani. Hapo mhubiri huwageukia wasikilizaji na kuwaambia kwamba ikiwa Rinkart aliweza, nao yawapasa kutulia na kushukuru. Katika makala haya twapenda kukihakiki kisa hicho, kwa maana twaona kwamba kimewanyamazisha watu waliohitaji kulia.

Tuanze na historia. Rinkart alizaliwa mwaka 1586 mjini Eilenburg, karibu na Leipzig, mji ambao jina lake lafahamika kwetu kwa ajili ya Misioni ya Leipzig iliyoleta Injili chini ya Mlima Meru. Alirudi kwao kuwa mchungaji mwaka 1617, na mwaka uliofuata Vita vya Miaka Thelathini vikaanza. Eilenburg ulikuwa na kuta, kwa hiyo wakimbizi walisongamana humo, na pamoja nao njaa na maradhi. Tauni ya mwaka 1637 ilipozidi, mmoja wa wachungaji wa mji alikimbia, wawili wakafa, na Rinkart akabaki peke yake. Inasemekana kwamba aliwazika watu zaidi ya 4,000. Mkewe alikufa mwaka huo huo. Hayo yote ni kweli, wala hatukusudii kuipunguza heshima ya mtumishi huyo.

Lakini ule wimbo, kwa kadiri wataalamu wa nyimbo wanavyoeleza, yamkini ulikuwa umekwisha kuchapishwa mwaka 1636, yaani kabla ya tauni ile kuu. Tena haukutungwa kwa ajili ya maziko wala kwa ajili ya ushindi. Ulikuwa sala fupi ya mezani, ya kusemwa baada ya chakula, na msingi wake ni maneno ya Yoshua bin Sira, sura ya 50. Basi mpangilio wa kisa chetu umegeuzwa. Rinkart hakuipata shukrani yake makaburini. Aliizoea nyumbani kwake, penye mkate na watoto, na siku za mauti zilipofika aliikuta ingali pale.

Tofauti hii si ndogo. Mhubiri asemaye kwamba msiba huzaa shukrani humtwika mfiwa mzigo mwingine, maana asipoiona shukrani hiyo moyoni mwake hudhani kwamba imani yake ina kasoro. Asemaye kwamba shukrani ni desturi ijengwayo siku hadi siku humpa mtu njia ya kuiendea.

Kadhalika tuutazame mpango wa wimbo wenyewe. Ubeti wa kwanza unashukuru. Ubeti wa pili unaomba: Mungu awape watu wake moyo wa furaha na amani, awalinde katika neema yake, awaokoe katika shida. Ubeti wa tatu unamtukuza Mungu wa Utatu. Kwa hiyo utulivu tunaouhubiri umo katika ubeti wa kuomba. Rinkart hakudai kwamba anao, wala hakumwamuru mtu awe nao. Aliuomba. Kisa kinachosimuliwa mimbarani huchukua ubeti wa kwanza na kuuacha wa pili.

Sasa tuyatazame mambo yetu. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, naye alikuwa hapa Arusha, ameingia kwa ndege kutoka Ubelgiji. Katika siku mbili shule na vyuo vikafungwa. Watalii wakakoma kuja, na waongozaji, wapagazi na wapishi wa hoteli wakarudi nyumbani mikono mitupu. Makanisa hayakufungwa kwa amri ya serikali. Tuliweka ndoo za maji na sabuni milangoni, tukaacha kupeana mikono. Takwimu za taifa zilifika wagonjwa 509 na vifo 21, zikakomea hapo kwa muda wa zaidi ya mwaka mmoja. Kisha tukaombwa kutenga tarehe 22 hadi 24 Mei 2020 ziwe siku za kumshukuru Mungu kwa kupungua kwa ugonjwa.

Hatusemi kwamba kushukuru siku zile kulikuwa kosa. Wengi walishukuru kwa moyo mweupe, na hofu ilikuwa imewachosha. Lakini twauliza: tulishukuru tukiwa tumehesabu nini? Rinkart aliyajua makaburi ya mji wake. Sisi tuliimba wakati ambapo kuwataja wafu wetu kwa sababu ya vifo vyao kulionekana kama upungufu wa imani.

Tunakumbuka maziko tuliyoyaongoza katika siku zile, kwenye kihamba kimoja kando ya mlima. Kaburi lilichimbwa kati ya migomba, kama ilivyo desturi. Majirani, ambao kwa kawaida wangejaa uani kwa siku kadhaa, walisimama nje ya ua, wakainua mikono kwa mbali, wakaondoka. Mjane alibaki na wanawe wawili. Nasi tulimhubiria shukrani. Leo twaona kwamba tulikosea. Yule mama alihitaji kwanza Zaburi ya 88, ambayo huanza kwa kilio na kuishia gizani, na ambayo Roho Mtakatifu hakuona haya kuiweka katika Maandiko.

Pengine mtu atatujibu kwa 1 Wathesalonike 5:18. Tafsiri yetu iliyozoeleka hutumia neno “kwa”, na msikilizaji aweza kudhani kwamba Mtume anaagiza tushukuru kwa sababu ya kila jambo, hata mauti. Lakini Kiyunani kina “en”, yaani “katika”. Aliye katika msiba aweza kumshukuru Mungu asipoushukuru msiba. Aweza kushukuru kwa bakuli la loshoro lililoachwa langoni na jirani aliyeogopa kuingia, na usiku huo huo akamlilia Mungu kwa ajili ya mumewe. Bwana wetu mwenyewe alilia kaburini kwa Lazaro, na papo hapo akamshukuru Baba, kama Yohana aandikavyo katika sura ya 11.

Kwa hiyo twatoa shauri kwa watumishi wenzetu na kwa wanafunzi wanaojiandaa kwa uchungaji. Katika ibada ya shukrani baada ya janga lolote, majina ya waliokufa usharikani yasomwe kwanza, pasipo haraka. Ombi la amani lifuate, na wimbo wa shukrani uje baada yake. Tena tuwafundishe Wakristo wetu sala ya mezani wakati wa afya, maana usiku wa hofu si wakati mwema wa kuanza kujifunza kushukuru. Kisa cha Rinkart tuendelee kukisimulia, lakini tukisimulie kwa mpangilio wake: kwanza meza, kisha makaburi, na wimbo ule ule katika yote mawili.

Yule mjane angali anaishi katika kihamba kile. Tulipomtembelea tena, hatukuhubiri. Tuliketi naye, tukalitaja jina la mumewe, tukala alichotuandalia. Baada ya chakula ndiye aliyeanza kuomba.