Ngonjera na Picha za Shule za Ugogo

Wahakiki wa pwani wameizoea ngonjera kama mtoto wa kambo wa ushairi. Hukiri kuwa ina vina na mizani, kisha huisukumia shuleni. Hukumu hiyo ina haki yake. Katika ngonjera nyingi zilizotungwa baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mabishano huwa yamekwisha kabla hayajaanza: mjinga huuliza, mjuzi hujibu, na ubeti wa mwisho huwakuta wote wawili wana kauli moja. Atakayetafuta humo mikiki ya Muyaka na mahasimu wake atatoka mikono mitupu.

Hata hivyo, huko kusukumiwa shuleni ndiko kulikoipa kazi ambayo diwani nyingi hazikuipata. Mathias Mnyampala (1917–1969), aliyeieneza, alikuwa Mgogo wa Dodoma. Vitabu viwili vya Ngonjera za Ukuta vilitoka mwaka 1970 na 1971, mwenyewe akiwa keshafariki. Ndiyo miaka ya Operesheni Dodoma, Wagogo walipotolewa katika tembe zao zilizotawanyika wakakusanywa katika vijiji vya ujamaa.

Chukua Zuzu, magharibi mwa mji wa Dodoma, kwenye Reli ya Kati. Picha ya shule ya zama hizo, huko na kwingineko Ugogo, ina sura inayojulikana: walimu vitini, watoto wamesimama kwa safu nyuma yao, wadogo wamekaa chini, macho yamekunjwa kwa jua. Mchwa na vumbi vimekwisha kula pembe. Nyuma ya karatasi, mara nyingi hapana hata neno. Walioanza darasa la kwanza mwaka 1971 wamepita umri wa miaka sitini, na kila msiba huondoka na majina mawili matatu.

Hapa pwani ina la kufundisha. Mtunzi wa utenzi wa kale alizoea kujitaja mwishoni mwa kazi yake, na mnakili naye, kama Muhammad Kijuma wa Lamu, akaweka jina na tarehe. Kwa desturi hiyo maandishi yalipita mikono mingi bila kuwa yatima. Anayeinakili picha ya darasa kwenye kompyuta pasipo kuandika nani ni nani ameokoa karatasi, basi.

Majina yatapatikanaje? Ngonjera yenyewe yaweza kuyarudisha. Shairi la mtu mmoja hukumbukwa kwa maneno yake. Ngonjera hukumbukwa pia kwa watu wake, maana kila upande ulikuwa na mtoto wake, na ubeti mmoja humwita wa pili. Bibi aliyesimama safu ya nyuma, akianza kughani alichokariri siku ya wageni, hana budi kumngoja aliyemjibu. Ule mgawanyo wa mjinga na mjuzi, ambao wahakiki huuona mwepesi (na kwa usanii ni mwepesi kweli), ndio unaomkalisha kila mtoto mahali pake.

Kwa hiyo beti zinakiliwe pamoja na picha, hata zenye vina vilivyovunjika, na pembeni liandikwe jina la aliyeghani upande wa mjuzi. La mjinga vilevile, ingawa huenda mwenyewe akapenda lisahauliwe.