Ekzosi, Bomba la Moshi au Dohani? Uhakiki wa Istilahi za Vipuri vya Pikapu za Dizeli

Miongoni mwa maandishi yanayopita mikononi mwa watumishi wa umma kila mwaka ni orodha za vipuri vya magari. Maandishi hayo hayapewi nafasi kubwa katika mijadala ya istilahi, ingawa neno moja likikosewa humo hasara yake hulipwa kwa fedha taslimu. Katika makala haya tunakusudia kuhakiki istilahi zinazotumika wakati wa kuchagua ekzosi mpya ya pikapu ya dizeli isiyotoka kwa mtengenezaji wa gari lenyewe. Hoja yetu ni kwamba nyingi za istilahi hizo zinaeleweka kwa msomaji, lakini hazibebi zile tofauti ambazo mnunuzi anazihitaji ili aamue.

Moshi na gesi

Baadhi ya wafasiri huliepuka neno ekzosi na kuandika "bomba la moshi"; wengine hupendelea "dohani". Sababu inayotolewa ni kwamba maneno hayo ni ya Kiswahili zaidi. Kwa maoni yetu sababu hiyo haina nguvu. Bomba limetoka katika Kireno na dohani katika Kiarabu. Ekzosi limetoka katika Kiingereza kwa njia hiyo hiyo, na limekwisha kuvaa sauti za Kiswahili. Yote matatu ni wageni waliokwisha kupata uraia.

Lililo zito zaidi ni maana. Bomba ni sehemu moja tu ya mfumo. Katika pikapu nyingi za kisasa, gesi zitokazo kwenye silinda hukusanywa na manifoldi, huzungusha tabo, yaani feni inayosukuma hewa ndani ya injini, kisha hupita katika kichocheo kinachogeuza kaboni monoksidi kuwa kaboni dioksidi. Baada ya hapo huingia katika chujio la masizi, halafu katika sailensa, ndipo zifike kwenye bomba la mwisho. Karani anayeandika "bomba la moshi, moja" anaweza kuletewa kipande cha mwisho au mfumo mzima, na muuzaji hatakuwa amevunja mkataba.

Tena, neno moshi humfundisha dereva kuogopa kile tu anachokiona. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na chembe nyingi za masizi ya dizeli ni ndogo mno kuonekana kwa macho. Mwaka 2012 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliyaweka yale yatokayo katika injini za dizeli kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Ekzosi inayovuja chini ya chumba cha dereva yaweza kumdhuru ilhali moshi hauonekani kabisa. Kwa hiyo neno moshi lina mahali pake, yaani pale panapoonekana moshi. Kinachotoka kwa jumla kiitwe gesi za ekzosi.

"Kamili" kuanzia wapi?

Wauzaji wa nje huainisha ekzosi kwa mahali inapoanzia: ipo ya kuanzia kwenye tabo, ya kuanzia baada ya kichocheo, na ya kuanzia baada ya chujio la masizi. Tofauti hizo ndizo zinazoamua bei, kazi ya fundi na uhalali wa kifaa. Lakini katika tafsiri za Kiswahili zote tatu huweza kukutwa zikiitwa "ekzosi kamili" au "seti nzima". Msomaji ana haki ya kuuliza: kamili kuanzia wapi?

Tuchukue mifano miwili. Pikapu ya Toyota Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, ya lita 4.2 na silinda 6, haina tabo. Kuiagizia ekzosi "ya tabo" ni kuagiza kitu kisichofungika. Hilux yenye injini ya lita 2.8 na silinda 4 ina tabo, na zile zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya zina chujio la masizi pia. Ekzosi inayochukua nafasi ya kila kitu kuanzia kwenye tabo huweza kuondoa kichocheo na chujio kwa pamoja. Uingereza, tangu Februari 2014, gari lililotoka kiwandani na chujio hilo na kukutwa halina hushindwa katika ukaguzi wa kila mwaka. Marekani nako sheria inakataza kuondoa vifaa vya kupunguza uchafuzi. Katika Afrika Mashariki, mwaka 2015 nchi zetu zilianza kutumia kiwango cha dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, na salfa kidogo ni sharti la vifaa hivyo kudumu. Itakuwa ajabu tukiyasafisha mafuta, kisha chujio litupwe jalalani kwa sababu ya kivumishi "kamili".

Mbadala na bandia

Kosa la tatu ni kukiita "bandia" kila kipuri kisichotoka kwa mtengenezaji wa gari. Kipuri bandia ni kile kinachouzwa kwa jina la mtu mwingine kwa udanganyifu. Ekzosi iliyotengenezwa na kiwanda kingine, ikauzwa kwa jina la kiwanda hicho, haina udanganyifu wowote. Hiyo ni ekzosi mbadala. Ofisa asiyetofautisha mawili haya aweza kuikataa zabuni halali, au kuipokea ya kughushi akidhani ni mbadala tu.

Vipimo na madini

Neno "nene" nalo linahitaji kukosolewa. "Bomba nene" huweza kuwa lenye tundu pana au lenye bati zito. Tunapendekeza kipenyo kitumike kwa upana wa bomba, na unene kwa bati lake. Tofauti hii si ndogo: bomba la kipenyo cha inchi 3 lina njia kubwa kuliko la inchi 2.5 kwa asilimia 44, kwa kuwa eneo hukua kwa kipeo cha pili cha kipenyo.

Vilevile "chuma kisichoshika kutu" huahidi kuliko kinavyotimiza. Chuma cha pua cha namba 409 kina kromiamu ipatayo asilimia 11, na hupata kutu ya juu juu. Cha namba 304 kina kromiamu ipatayo asilimia 18 na nikeli asilimia 8, nacho hustahimili zaidi, hasa pwani penye hewa ya chumvi. Mpokeaji wa mzigo aweza kupima kwa sumaku, maana 409 hunasa ilhali 304 kwa kawaida hainasi au hunasa kidogo sana. Hati itaje namba. Sifa peke yake haitoshi.

Tafsiri za neno kwa neno

Mwisho kuna tafsiri zilizobeba maneno na kuiacha maana. "Ekzosi ya michezo" humpeleka msomaji uwanja wa mpira. Kinachokusudiwa ni ekzosi yenye kikwazo kidogo na mlio mkubwa. "Shinikizo la nyuma" humfanya adhani jambo liko nyuma ya gari. Kinachokusudiwa ni ule ukinzani unaozikabili gesi zinapotoka kwenye injini. Shule zetu zinalo neno kanieneo, na "kanieneo kinzani" litawafaa mwalimu na fundi. Kwa istilahi hiyo tunaweza kueleza kwa usahihi kwamba kanieneo kinzani ikipungua baada ya tabo, tabo huzunguka kwa wepesi zaidi, na kwamba faida hiyo ni ndogo katika injini ambayo haijabadilishwa.

Mapendekezo

Tunawapendekezea wasomaji wetu yafuatayo:

(a) Ekzosi liwe jina la mfumo mzima. Bomba, sailensa, kichocheo na chujio la masizi yawe majina ya sehemu zake.

(b) Kila ekzosi itajwe kwa mahali inapoanzia, na neno "kamili" liachwe.

(c) Mbadala na bandia yasichanganywe.

(d) Kipenyo, unene na namba ya chuma viandikwe kwa tarakimu.

Kwa kufuata hayo, hati ya ununuzi yaweza kusomeka hivi: "Ekzosi mbadala ya kuanzia baada ya chujio la masizi, chujio lenyewe libaki, kwa pikapu yenye injini ya dizeli ya lita 2.8 na tabo. Kipenyo cha nje milimita 76. Unene wa bati milimita 1.5; chuma cha pua namba 304; pamoja na sailensa." Maneno hayo hayazidi mistari mitatu, na kila moja lina kazi. Tungependa walimu wa ufundi wawape wanafunzi wao zoezi la kuandika hati ya namna hiyo, na wafasiri waipime orodha yoyote ya vipuri kwa swali moja: je, mtu asiyeliona gari aweza kuleta kifaa kinachotakiwa kwa kuisoma tu?