Sifa za Fundi Mrejeshaji

Chumvi ya bahari pale Feri, Dar es Salaam, haichagui: inakula bati, inakula nati za boti, na inakula kompyuta. Fungua mashine iliyokaa miaka kadhaa katika ofisi iliyo jirani na soko la samaki, utakuta shaba ya mazabodi imeota kutu ya kijani na vumbi limeshikamana kwa unyevu kama uji uliokauka. Ongeza umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Iko siku kitufe kitabonyezwa na hakuna kitakachowaka. Hapo ndipo kazi ya fundi ninayemsifu inapoanza: yule anayechukua bekapu ya mashine iliyokufa na kuiamsha ndani ya mashine nyingine kabisa.

Mafaili peke yake hata mtoto wa shule anaweza kuyanakili. Mfanyabiashara wa samaki wa jumla anahitaji zaidi ya hayo. Anataka programu ya hesabu iliyofungwa na mtu ambaye simu yake haipatikani tena, printa ya risiti iliyokwisha kuzoeana na programu hiyo, na orodha ya mama lishe na wenye hoteli wanaodaiwa, vyote vikiwa kama alivyoviacha jana. Kwa hiyo hunakiliwa mfumo mzima, Windows na kila kilichomo.

Tatizo ni kwamba mashine ya aina ile haiuzwi tena. Kariakoo atapata nyingine, nzuri tu, ya kampuni tofauti. Fundi anarudisha bekapu, anawasha, na kioo kinakuwa cha buluu na namba 0x0000007B. Asiyeijua kazi husema bekapu imeharibika, afute kila kitu aanze upya. Fundi mwenyewe anaisoma namba ile kwa utulivu: Windows imeanza kuamka, lakini haiioni diski inayopaswa kuamkia, kwa sababu draiva inayoijua ni ya bodi ya zamani.

Basi anaingia kwenye BIOS, anatazama kama diski imewekwa katika hali ya AHCI au ya RAID. Anawasha mashine kwa flashi, kisha kwa amri ya DISM anapachika draiva mpya ndani ya Windows ambayo bado imelala. Kama mashine ya zamani ilizoea mtindo wa MBR na hii mpya inakubali UEFI pekee, anaibadilisha diski iwe GPT. Kama nakala ilichukuliwa ikiwa bado imefungwa kwa BitLocker, anamwomba mwenye mali ufunguo wa tarakimu 48, na hapo hujulikana nani alitunza karatasi yake.

Ninachokisifu zaidi ni adabu ya kazi hii. Fundi bora haigusi bekapu ya asili. Anainakili kwanza, halafu anahangaika na nakala ya nakala. Anabadilisha kitu kimoja kwa wakati na kukiandika, ili akikosea ajue pa kurudi. Na Windows ikifunguka, hashangilii.

"Mama, nisomee risiti ya mwisho uliyoitoa."

Mama mwenye biashara anafunua kitabu cha risiti, kidole kinashuka kwenye karatasi yenye madoa ya maji ya samaki. Anasoma namba, jina la mteja, kiasi. Fundi anatazama kioo. Vikilingana, anaomba risiti ya wiki iliyopita, kisha ya mwezi uliopita. Ndipo anapochapisha moja kwa printa.

Wahenga walisema akiba haiozi. Walisema kweli kwa akiba waliyoijua, lakini akiba ya kompyuta huoza bila kunuka: diski ya nje hufa kabatini, na nakala iliyokatika katikati hukaa na jina lile lile zuri. Na isipooza huungua. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko kuu la Kariakoo liliposhika moto, karatasi au diski yoyote iliyowekwa pamoja na bidhaa ilikuwa hatarini sawasawa na bidhaa zenyewe. Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh aliueneza utaratibu mwepesi kukumbuka: nakala 3, katika vyombo vya aina 2, na 1 ikae mbali. Mfanyabiashara wa Feri hana sababu ya kushindwa. Nakala moja inaweza kuvuka kwa kivuko ikalale Kigamboni.

Lakini hata nakala tatu ni ahadi tu mpaka irejeshwe moja. Kwa hiyo mwiteni fundi huyu mashine ikiwa bado nzima. Mpeni kompyuta ya kuazima, tofauti na yenu, na mumwambie airejeshe biashara yote humo huku mkimtazama. Mlipeni vizuri kwa siku hiyo, maana ndiyo siku pekee mtakayojua kwa hakika kama mna bekapu.