Patapotea Ndani ya Mchezo wa Mpira

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Katika nyumba zetu za mwambao, jambo la kompyuta za michezo na simu za watoto limekuwa na rai nyingi, na kila mwenye rai aishikilia yake. Mmoja husema yote ni haramu, yatupwe mbali. Wa pili husema, hayo ni mchezo tu, na mtoto aliye sebuleni mbele ya kioo ni bora kuliko aliye barabarani. Wa tatu husema, mimi nimemnunulia kwa ajili ya masomo. Makusudio yetu ni kuzipima rai hizi tatu kwa mizani ya sharia na ya akili, kwa kuutazama mchezo mmoja ambao vijana wetu waupenda mno. Nao ni mchezo wa mpira wa miguu wa kampuni ya Electronic Arts ya Marekani, ulioanza mwaka 1993 kwa jina la FIFA, na tangu mwaka 2023 waitwa EA Sports FC.

Tuanze na rai ya masomo. Rai hii si ngeni. Mwaka 1982 zilipotoka kompyuta za nyumbani kama vile ZX Spectrum huko Uingereza na Commodore 64 huko Marekani, wazazi wengi walizinunua kwa kutaraji kwamba zitawasaidia watoto katika elimu, na kazi kubwa iliyofanywa kwazo majumbani ikawa ni michezo. Walakin mashine zile zilikuwa na sifa moja: ukiziwasha zilikungojea uziandikie amri, na wako watoto waliojifunza kutunga programu kwa njia hiyo. PlayStation ya leo ukiiwasha yakuletea michezo na duka la michezo. Basi mzazi anayetaka kompyuta ya masomo na anunue kompyuta, hata iliyokwisha tumiwa, na anayenunua PlayStation, au kuletewa na jamaa aliyeko Dubai au Maskati, na akiite kitu kwa jina lake: ni chombo cha kuchezea. Si aibu kumnunulia mtoto kitu cha kuchezea. Aibu ni kujidanganya.

Ama rai ya kwamba yote ni haramu, hiyo nayo yataka dalili, kwani asili ya mambo ni kuruhusiwa mpaka ije dalili ya kukataza. Mtume (S.A.W.) alishindanisha farasi, aliwaacha Wahabeshi wakacheza kwa mikuki msikitini siku ya Idi, na Bibi Aisha (R.A.) alikuwa na wanasesere wake akicheza nao pamoja na wenziwe. Vijana wawili wakikaa wakacheza mpira kwenye kioo, mmoja akashinda na mwengine akashindwa, wala hapana fedha baina yao, wala hapana matusi, wala Sala haikupita, haturuhusiwi sisi kulitia jina la haramu kwa sababu tu hatukulizoea. Tena mchezo wenyewe umetengenezwa kwa ufundi: mchezaji hana budi kujua nafasi za wachezaji uwanjani, kupanga timu yake na kufikiri kabla ya kutoa pasi. Na mzee anayekataza kilicho halali bila ya kukijua, siku atakapokataza kilicho haramu hatasikilizwa.

Iliyobaki ni rai ya kwamba ni mchezo tu. Hii ndiyo iliyo na khatari zaidi, kwa sababu nusu yake ni kweli.

Tangu mwaka 2009 mchezo huu una sehemu iitwayo Ultimate Team. Humo kijana haichukui timu iliyokwisha pangwa, bali huijenga yake mchezaji mmoja mmoja. Wachezaji huwapata kwa njia tatu: kucheza sana mpaka apate sarafu za mchezo na kuwanunua sokoni mwake, kutimiza kazi anazopangiwa, au kufungua paketi. Paketi hizo hupatikana kwa sarafu alizozichuma kwa kucheza, au kwa pointi zinazonunuliwa kwa fedha za kweli. Ndani ya paketi mna wachezaji, lakini kwa kawaida mnunuzi hajui ni nani mpaka awe amekwisha lipa. Kampuni yenyewe huandika kiasi cha bahati, na kwa wachezaji wanaotamaniwa mno mara nyingi huandikwa kuwa ni chini ya asilimia 1. Maana yake, hata anayenunua paketi mia hana uhakika wa kumpata anayemtaka. Na mwaka ukiisha hutoka mchezo mpya, na timu aliyoijenga haimfuati huko, huanza tena.

Msidhani kwamba ni biashara ya senti. Katika mwaka wake wa hesabu uliokwisha Machi 2021, kampuni hii ilipata zaidi ya dola bilioni 1.6 kutokana na sehemu za namna hiyo katika michezo yake ya spoti. Fedha hizo hazikutoka mbinguni. Zimetoka mifukoni mwa wachezaji na wazazi wao, kidogo kidogo, mpaka zikawa bahari.

Sasa je, hii ni kamari? Hapa wakubwa wa dunia wamekhitalifiana. Ubelgiji, mwaka 2018, tume yake ya michezo ya kamari ilisema kwamba paketi hizi zavunja sheria ya kamari ya nchi hiyo, na mwanzoni mwa 2019 kampuni ikaacha kuuza pointi zake huko. Uholanzi nako kampuni ilitozwa faini, lakini Machi 2022 mahakama ya juu ya nchi hiyo ikaifuta, kwa kuwa iliona paketi ni sehemu ya mchezo mkubwa wa ujuzi, si mchezo wa bahati uliosimama peke yake. Na wenye kuutetea mchezo hutia hoja nyengine: mnunuzi wa paketi hakosi kitu, kila paketi ina wachezaji ndani yake, basi vipi itakuwa ni kamari?

Hoja hii ni nzuri kwa mwenye kuisikia mara ya kwanza. Lakini Imam Muslim amepokea kutoka kwa Abu Huraira (R.A.) kwamba Mtume (S.A.W.) alikataza bei ya kijiwe na bei ya gharari. Na katika sura walizozieleza wanavyuoni za bei ya kijiwe ni hii: mtu huweka nguo zake, mnunuzi akatupa kijiwe, na nguo kitakayoiangukia ndiyo aliyoinunua kwa bei waliyokwisha patana. Zingatieni basi. Katika bei ile pia mnunuzi hakuondoka mikono mitupu. Aliondoka na nguo. Na juu ya hivyo ilikatazwa, kwa kuwa alilipa bila ya kujua alicholipia, akinunua tamaa badala ya kitu. Paketi ni bei ya kijiwe, isipokuwa kijiwe hutupwa na mashine. Mahakama za nchi huangalia sheria zilizotungwa na watu. Muislamu ana sheria iliyomtangulia kwa zaidi ya miaka elfu na mia tatu.

Tena tazameni matunda yake. Katika Sura ya al-Maida, aya ya 91, Mwenyezi Mungu ametuambia kwamba Shetani kwa ulevi na kamari ataka kutia uadui na chuki baina yetu, na kutuzuilia kumkumbuka Yeye na kusali. Nani katika wazazi asiyejua ugomvi wa fedha zilizotoweka katika M-Pesa? Na mechi ya mtandaoni haisimamishwi kama ile ya ndugu wawili nyumbani. Anayeondoka huhisabiwa ameshindwa. Basi muadhini huita Magharibi, naye kijana amefungwa na mtu asiyemjua aliye nchi nyengine.

Hatuisemi kampuni moja peke yake. Michezo mingi ya simu iitwayo ya bure imejengwa juu ya msingi uo huo. Kwa hivyo nasaha zetu ni hizi:

Kwanza, mzazi na akae na mtoto amuoneshe mchezo wake, ajue penye mpira na penye duka. Mtu hawezi kulinda mlango asioujua.

Pili, acheze sehemu zisizo na paketi: mechi ya ndugu na ndugu, au ya kuongoza klabu msimu kwa msimu. Huko mpira ni ule ule. Na paketi za sarafu za kuchuma, ingawa hazina fedha ndani yake, humzoesha mtoto ladha ya patapotea. Kuziepuka ni bora.

Tatu, namba ya siri ya M-Pesa na ya kadi ya benki asipewe mtoto, wala isihifadhiwe ndani ya chombo. Katika Sura ya an-Nisaa, aya ya 5, tumekatazwa kuwakabidhi wasio na busara mali ambayo Mungu ameifanya kuwa ni tegemeo letu. PlayStation ina mahali ambapo mzazi aweza kuweka kikomo cha matumizi ya mtoto kwa mwezi. Na kiwekwe sifuri.

Nne, mechi ya mtandaoni isianzwe wakati wa Sala umekaribia. Hilo ni dogo kulipanga, na kubwa kulipuuza.

Mpira wa kwenye kioo si adui yetu. Adui ni yule anayeuza bahati kwa watoto, akaipaka rangi ya mchezo ili baba na mama waseme, "ni mchezo tu".

Wabillahi-ttawfiq.